Gauni la Mtoto Hutazamwa Ubavuni

Kwenye mahafali ya chekechea moja hapa Dar es Salaam palikuwa na gauni la waridi ambalo kila mzazi alilisifu. Tabaka tatu za neti, ua la satini kiunoni, lesi imezunguka shingo nzima. Mama aliyelishona aliombwa namba ya simu na watu ambao hata hawakumgeuza mtoto wamtazame. Mtoto mwenyewe, wa miaka 3 hivi, alishinda akilivuta gauni kwa mbele, kwa kuwa pindo la mbele lilikuwa juu ya magoti na la nyuma limeshuka hadi kwenye shavu la mguu. Watu walilitazama gauni lile kwa uso. Gauni la mtoto hutazamwa ubavuni, mtoto akiwa amesimama peku, mikono ameiachia.

Nimekasirika kwa sababu kushona nguo za watoto nyumbani kumeanza kurudi, jambo ninalolifurahia sana, lakini kinachosifiwa ni mapambo. Mapambo yanauzwa Kariakoo kwa mita, na yeyote mwenye fedha anaweza kuyabandika. Kuna kitu kimoja ambacho mshonaji mchanga hukikosa kila mara, na wanaomsifu nao hawakioni: tumbo.

Mtoto wa chini ya miaka 5 au 6 hana kiuno. Tumbo lake limetangulia, mgongo umebonyea kidogo, na ukimzungushia futikamba kifuani na tumboni utapata vipimo vinavyokaribiana. Kwa hiyo, kwenye pateni ya kweli ya umri huo, mstari wa kiuno wa kipande cha mbele haunyooki. Unashuka kadiri unavyokaribia katikati, sentimita 1, wakati mwingine 1 na nusu, halafu unapanda tena kuelekea ubavu. Ukiilaza pateni mezani mkunjo huo ni mdogo kiasi kwamba asiyejua hudhani mkasi wa mtu uliteleza. Lakini hicho ndicho kitambaa kinachohitajika kupita juu ya tumbo. Kikikosekana, mshono wa kiuno hupanda, sketi ikaufuata, pindo la mbele likanyanyuka. Mshono wa ubavuni nao, ambao ulipaswa kuning'inia wima kutoka kwapani hadi chini, huenda mshazari kuelekea mbele. Nikiziona dalili hizo mbili, sihitaji tena kuligeuza gauni ndani nje nikague mishono. Aliyelikata hakumtazama mtoto.

Gauni lisilo na mshono wa kiuno, lile linaloanguka kutoka kifuani, lina dawa yake. Nyongeza huwekwa chini, kwenye pindo la mbele, na marinda husongwa katikati, yakabaki machache karibu na kwapa. Walipuaji huyagawa marinda sawasawa kuzunguka kifua chote, matokeo yake gauni limefura makwapani na limebana tumboni. Na gauni la khanga lina ugumu wa peke yake. Pindo la khanga limenyooka na ndilo uzuri wa gauni, huwezi kulikata kwa mviringo, basi hesabu yote ya tumbo sharti imalizwe juu, kwenye kiuno. Ukiona gauni la khanga ambalo pindo lake limekaa sawasawa na sakafu pande zote, mpe heshima aliyelikata, hata kama kitambaa chenyewe kimechuja.

Palikuwa na fundi mmoja Magomeni, hodari wa suti za wanaume, aliyeletewa gauni la mtumba la mtoto. Akalifumua kwa wembe, akalipiga pasi, akalichora kwenye karatasi ya kaki. Alipoukuta mstari wa kiuno umeshuka katikati, aliamini kitambaa kimevutika kwa kufuliwa. Akachukua rula, akaunyoosha. Pateni ile ilining'inia ukutani kwake miaka mingi, watoto wa mtaa wakavaa magauni yaliyopanda mbele, na mama zao wakadhani wanao wanakua upesi. Alikuwa ameshika mkononi kazi ya bingwa, akaisahihisha.

Mwingine, bibi wa Unguja aliyeshona magauni ya Idi, hakuwahi kumiliki pateni ya dukani. Alikata zake kwenye magazeti ya zamani. Mtoto akiletwa, alimfunga uzi tumboni, akamwacha acheze na wenzake ukumbini mpaka uzi utulie wenyewe pale unapopenda kukaa. Ndipo alipopima kutoka shingoni mpaka kwenye uzi, mbele na nyuma, vipimo viwili. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo aliyoikata. Sijaona njia bora kuliko hiyo, wala sidhani ipo. Leo wapo wanaomiliki vyerehani vya umeme vyenye mishono ya kila aina, na mtoto hupimwa amebebwa mgongoni, au hapimwi kabisa, anaulizwa umri.

Pateni za saizi zenyewe zilianza kwa ajili ya mtoto. Ebenezer Butterick alikuwa fundi nguo katika mji wa Sterling, Massachusetts, Marekani. Inasimuliwa kwamba mkewe, Ellen, alikuwa akimshonea mtoto wao gauni, akachoshwa na kukosa pateni inayolingana na mwili wa mtoto. Mwaka 1863 Butterick akaanza kuuza pateni za karatasi zilizopangwa kwa saizi, na miongoni mwa zile za mwanzo kulikuwa na nguo za wavulana. Basi anayechukua pateni ya gauni lake mwenyewe na kuikunja pembeni ili imtoshe binti wa miaka 4 amerudi nyuma ya 1863. Atapata mabega mapana, kwapa lililoshuka mpaka mbavuni, na shingo isiyopitisha kichwa. Kichwa cha mtoto wa miaka 3 kina karibu sentimita 50 kuzunguka, cha mtu mzima ni kama 56. Mwili wote ni mdogo, ila kichwa kimekwisha kukua karibu chote. Ndiyo maana mtoto hulia nguo inapovuliwa: mshonaji alipima shingo, akasahau kichwa.

Saizi pia huwachanganya wengi. Pateni za Ulaya huhesabu urefu wa mtoto kwa sentimita: 92, 98, 104, 110, hatua za 6. Mchagulie mtoto kwa urefu wake, umri haushonwi. Pateni za Marekani huja na nafasi ya mshono ndani yake, inchi 5/8, yaani kama sentimita 1.5. Zile za gazeti la Burda, lililoanzishwa na Aenne Burda mjini Offenburg, Ujerumani, mwaka 1950, hazikuwa nayo. Uliongeza mwenyewe kwa chaki. Asiyejua hilo hukata juu ya mstari, halafu hulaumu kitambaa.

Mama zetu walijua. Gazeti moja liliingia mtaani kwa mkono wa ndugu aliyetoka safari, likazunguka nyumba kwa nyumba mpaka mikunjo ikachanika. Walitandika karatasi laini juu ya ile karatasi kubwa yenye mistari iliyopishana, wakaufuata mstari mmoja tu kwa penseli bila kuhamia wa jirani. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, kitambaa kilipokuwa adimu Tanzania, hakuna aliyethubutu kutia mkasi kwenye popilini ya kiwanda cha Urafiki kabla ya kukata gauni zima kwenye shuka kuukuu, kulipiga bandi na kumvika mtoto. Jaribio lile liliwafundisha tumbo kuliko kitabu chochote. Sasa vitambaa vimejaa, kitenge kinakatwa hata hakijafuliwa, na kikifuliwa mara ya kwanza ndipo kinaporudi na gauni kugeuka blauzi.

Yaliyobaki nayataja kwa haraka. Zipu haikai mgongoni mwa mtoto. Vifungo, vidogo, vitatu au vinne, matundu yameshonwa kwa mkono. Lesi ya nailoni isiguse shingo. Mikono iliyofura begani ni ya mtoto wa chini ya miaka 7, akizidi hapo muondolee. Kitenge chenye ua kubwa kuliko kiganja cha mtoto hakimfai mtoto huyo. Sindano namba 11 kwa popilini; namba 16 inatoboa. Uzi wa kitambaa usimame wima katikati ya kifua, na aliyelaza pateni upande ili aokoe nusu mita ameiba, hata kama kitambaa ni chake. Kamba za kufunga shingoni usishone kabisa: viwango vya Ulaya vinazikataza kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wa chini ya miaka 7, kwa kuwa hunasa na kunyonga. Hapo hapana mjadala wa ladha.

Mwambie mtoto anyooshe mikono juu. Gauni zuri litapanda kidogo na kurudi lenyewe akishusha. Gauni baya litabaki juu, naye atalivuta.

Wadanganyifu wana mbinu zao. Mkanda mpana wa satini kiunoni mara nyingi umewekwa kufunika mshono uliopanda; ufungue. Wengine hubana mgongo kwa pini kabla ya picha. Mmoja niliyemfuatilia kwa muda, mwenye sifa kubwa na wateja wengi, alikuwa akiwapiga watoto picha wakiwa wamekaa, kwenye kiti, kwenye ngazi, kwenye nyasi, magoti yamefunikwa kwa sketi iliyotandazwa vizuri. Ilinichukua muda kuelewa sababu. Mtoto aliyekaa hana pindo la mbele. Tangu hapo, nikionyeshwa picha ya gauni, naomba ya mtoto aliyesimama, ya ubavuni.

Kisha nakagua akiba. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 huongezeka kama sentimita 6 au 7 kwa mwaka, karibu saizi moja nzima. Mshonaji anayejua huacha pindo la sentimita 7 au 8 na kulishona kwa mkono. Juu yake huweka mikunjo miwili myembamba kuzunguka sketi, ambayo watazamaji huiona kama pambo. Mwaka wa pili pindo linashushwa, na alama ya mkunjo wa zamani, ambayo pasi haiwezi kuifuta kwenye pamba, inafichwa kwa kushona mkunjo mwingine pale pale. Mwaka wa tatu inafumuliwa mikunjo ya juu. Haya yanawezekana kwenye sketi iliyonyooka yenye marinda peke yake. Sketi ya mwavuli haipokei pindo pana, kwa kuwa kitambaa cha chini ni kipana kuliko cha juu na kitajikunja ovyo, hivyo aliyemkatia mwavuli mtoto wa miaka 3 amemshonea gauni la mwaka mmoja. Lile gauni la waridi lilikuwa la mwavuli, pindo lake nusu sentimita, limeviringishwa kwa mashine.