Asali ya Kupaka Usoni: Ipimwe kwa Kazi ya Mrina

Asali ya misitu ya miombo ya Biharamulo na ya vilima vya Ngara huuzwa kwa majina mawili. Kuna asali ya kula, na kuna asali ya dawa, ambayo siku hizi maana yake kubwa ni dawa ya uso: inaondoa chunusi, inatuliza ngozi inayowaka, inafuta madoa. Anayeitafuta hiyo ya pili kwa kawaida huwa na swali moja tu, kama asali ni halisi au imechanganywa. Swali hilo halitoshi. Asali inaweza kuwa halisi kabisa, haijaguswa na tone la sukari ya dukani, na bado isifae kupakwa usoni kwa sababu ilirinwa mbichi, ikachemshwa, au ikaanikwa juani mwezi mzima. Utafiti uliofanywa juu ya asali na ngozi ya uso, ukisomwa bila haraka, unamrudisha mnunuzi kwa mrina mwenyewe: alikata sega lipi, alilikamua vipi, alihifadhi ndani ya nini. Na utafiti huohuo unalikataa lile neno la chunusi ambalo ndilo linalouza chupa nyingi zaidi.

Majaribio mawili ya New Zealand ndiyo yanayostahili kuangaliwa kwa karibu, yote yakiwa yamechapishwa katika jarida la BMJ Open, moja mwaka 2015 na jingine 2016. La kwanza lilihusu rosasia, ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu, joto na vipele katikati ya uso. Watu wapatao 138 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapaka asali ya mti wa kanuka iliyosafishwa kwa matumizi ya tiba na kuchanganywa na gliserini kiasi cha asilimia 10, nusu wakapaka krimu ya kawaida isiyo na dawa. Baada ya wiki 8, waliopata nafuu ya kuonekana wazi walikuwa kama 34 katika kila 100 upande wa asali, na 17 upande wa krimu. Jaribio la pili lilihusu chunusi. Watu 136 walitumia sabuni ya kuua vijidudu kwa wiki 12, na nusu yao wakaongeza asali ileile. Mwishoni, kati ya waliobaki hadi kupimwa, waliopata nafuu ya kiwango hicho walikuwa wanne kati ya 53 upande wa asali, na mmoja kati ya 53 upande wa sabuni peke yake. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa idadi hiyo ya watu. Huenda ni bahati tu. Kwa hiyo asali ileile, iliyoandaliwa na watu walewale, ilisaidia ugonjwa mmoja na ikashindwa kuonyesha msaada kwa mwingine. Muuzaji anayeitaja chunusi na rosasia kwa pumzi moja anaunganisha vitu ambavyo ushahidi umevitenga.

Hata matokeo ya rosasia yapokelewe kwa kiasi. Mtu aliyepakwa asali anajua amepakwa asali. Harufu na kunata kwake havifichiki, na anayejua anapewa dawa huwa mwepesi wa kuona nafuu. Watafiti walilijua hilo, wakamweka mkaguzi asiyeambiwa nani kapaka nini, na hiyo ni kinga nzuri ingawa si kamili. Tena gliserini yenyewe hulainisha ngozi. Na wawili kati ya watatu waliopaka asali hawakufikia nafuu ile. Pamoja na hayo yote, tofauti ya mara mbili si ya kudharau, na asali ina rekodi nyingine kwenye ngozi: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 juu ya asali na majeraha yaliona kuwa majeraha ya moto yasiyo na kina kirefu hupona siku nne au tano mapema yakifungwa kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida.

Kwa nini basi chunusi ikatae? Hapa nadhani jibu liko kwenye umbile la kidonda chenyewe. Chunusi huanza chini, ndani ya kitundu cha nywele kilichozibwa na mafuta na ngozi iliyokufa, na bakteria wake hustawi mahali pasipo hewa. Asali ni sukari na maji, mafuta hayaikaribishi. Katika sahani ya maabara asali huua bakteria hao vizuri, na matokeo hayo ya sahani ndiyo yanayonukuliwa kwenye lebo, lakini sahani haina kizibo cha mafuta. Rosasia, kwa upande wake, ina uchungu mwingi juu juu, kwenye ngozi iliyopoteza kinga yake, mahali ambapo kitu kinachotuliza na kushika unyevu kinaweza kufika.

Kuna pingamizi ambalo mtu wa Rulenge au Kabanga ana haki ya kulitoa: kanuka ni mti wa New Zealand, haumei Ngara, kwa hiyo utafiti huo unatuhusu nini? Pingamizi hili lina nguvu, nami nalikubali nusu. Hakuna ruhusa ya kuchukua asilimia 34 ya kanuka na kuibandika kwenye chupa ya Biharamulo. Lakini nguvu ya asali dhidi ya vijidudu, kwa asali nyingi za dunia, inatoka sehemu zinazojulikana: sukari nyingi inayonyonya maji, uchachu wa asili, na kimeng'enya ambacho nyuki huweka ndani ya asali kutoka tezi zake. Asali inapokutana na unyevu wa ngozi, kimeng'enya hicho hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Nyuki wa Tanzania wanacho kama wa New Zealand. Kinachotofautiana ni kiasi chake, kutokana na maua, na kutokana na binadamu aliyeishika asali baada ya nyuki kumaliza kazi. Joto hukiharibu kimeng'enya. Mwanga hukiharibu pia. Maji yakizidi, asali huchacha. Hivyo umbali kati yetu na kanuka hautufungulii mlango wa kuamini; unatulazimisha kupima kazi ya mkono kwa ukali zaidi kuliko watafiti wale wa New Zealand, kwa sababu wao walikuwa na maabara.

Upimaji uanzie kwenye sega. Nyuki hufunika chumba cha asali kwa nta wakati maji yamepungua vya kutosha, na mrina anayejua kazi hukata sega lililofunikwa sehemu yake kubwa, akaacha lile ambalo bado linameremeta wazi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20. Asali iliyorinwa mbichi hupita hapo kwa urahisi, hasa msimu wa mvua. Kosa la pili la kwenye mzinga ni majana. Katika mzinga wa gogo, asali na watoto wa nyuki hukaa masega ya jirani, na mrina anayefanya kazi usiku kwa haraka, huku nyuki wanamshambulia, hukata vyote na kuvikamua pamoja kwa mikono. Maji ya majana na chavua nyingi huifanya asali iwe na ukungu na kuiharakisha kuchacha. Sikubaliani na wanaosema kwamba mzinga wa kisasa pekee ndio unaotoa asali nzuri. Mzinga wa viunzi hurahisisha kuchagua sega lililoiva, na hiyo ni faida kubwa, lakini mrina mvumilivu wa gogo anayetenga masega yake mapema na kuyaacha yachuruzike yenyewe kwenye kitambaa safi hutoa asali inayoshinda ya mvivu mwenye viunzi. Moshi nao usomwe kwa pua. Harufu nyepesi ya moshi inasameheka kwa mlaji. Asali inayonuka kama jiko ilifukizwa kupita kiasi au kwa takataka, na uso unaowaka hauhitaji masizi.

Ukiwa na chupa mkononi, igeuze polepole utazame kiputo cha hewa kinavyopanda. Asali iliyoiva hukipandisha kwa uzito. Inua kijiko uache asali ishuke: uzi usiokatika, unaojikunja juu ya asali na kukaa kidogo kabla ya kuzama, ni dalili njema. Ila hapa wengi hudanganyika, kwa kuwa uzito wa asali hufuata hali ya hewa. Asubuhi ya baridi kwenye vilima vya Ngara hata asali yenye maji mengi huonekana nzito, na mchana wa Biharamulo asali iliyoiva vizuri hutiririka kama imeongezwa maji. Kulinganisha kuna maana pale tu chupa mbili zinapokaa mahali pamoja kwa muda. Anayenunua kwa ndoo na kuuza tena asitegemee jicho. Refraktomita, kifaa kidogo cha mkononi kinachohitaji tone moja na mwanga, husoma kiasi cha maji papo hapo, na afisa nyuki wa wilaya ndiye wa kuulizwa juu yake.

Vipimo vya njiti ya kiberiti, karatasi, sisimizi na tone ndani ya glasi ya maji viachwe. Vinapima uzito na unyevu kwa kubahatisha, na shira nzito ya sukari hufaulu vyote. Kuganda pia si hatia. Asali yenye glukosi nyingi huganda hata ikiwa safi kama ilivyotoka kwa nyuki, na mnunuzi anayeikataa humlazimisha muuzaji kuichemsha ili ionekane laini, yaani kuua kile ambacho mnunuzi huyo alikifuata. Cha kuogopa ni asali iliyogawanyika, chini imeganda na juu maji, yenye mapovu na harufu ya pombe. Rangi nayo isitumike kama hukumu: asali ya miombo inaweza kuwa ya dhahabu au ya kahawia iliyokolea, kutegemea miti iliyochanua. Na asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo watu wengi huithamini zaidi kwa tiba, ina maji mengi na uchachu kwa asili yake. Isipimwe kwa kanuni hizi, wala isihesabiwe kuwa na ushahidi wa kanuka, ambayo ni asali ya nyuki wakubwa.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni chombo. Pale Nyakanazi, barabara ya Kigoma inapoachana na ile ya Rusumo, au popote penye magari yanayosimama, chupa ya kioo inayong'aa juani huvutia macho. Kwa chai haina neno. Kwa ngozi, kila saa ya jua na joto inapunguza kimeng'enya, na asali hiyo inabaki kuwa sukari tamu inayonata. Debe la bati lenye zinki huliwa na uchachu wa asali. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mimea halisafishiki. Anayetaka asali ya uso aombe ile iliyo ndani ya nyumba, ndoo iliyofunikwa, mahali pa giza, na aulize ilirinwa mwezi gani na karibu na mashamba gani. Msitu wa asili si wa kudhaniwa hovyo. Aprili 1994 zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban siku moja, na miaka ya kambi iliyofuata ilikula miti mingi ya Ngara kwa kuni; na tangu 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, si mahali pa kurina. Mrina mkweli anataja kilima chake na miti yake. Anayejibu “porini” tu amejibu nusu.

Wapo watakaosema bibi zetu walipaka asali bila majaribio wala refraktomita na nyuso zao zikawa nzuri. Sina sababu ya kulibishia hilo kwa upande wa vidonda, maana hapo utafiti umewaunga mkono. Kwa chunusi, hata hivyo, nyuso nyingi hutulia zenyewe ujana ukipita, na sifa hupewa chochote kilichopakwa mwisho. Hiyo ndiyo sababu jaribio linahitaji kundi la pili lisilopaka.

Wengine watasema rosasia ni ugonjwa wa Wazungu, kwa hiyo ushahidi wake hautufai. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi wazi, kwa hiyo ugonjwa hupita ukiitwa chunusi. Dalili za kutazama ni kuwaka, joto la ghafla usoni na vipele visivyo na vichwa vyeusi vya mafuta. Tena kuna aina inayofanana nayo ambayo tunajiletea kwa krimu za steroidi na mkorogo. Kwa hilo nasema kwa uzito: “asali ya uso” inayofuta vipele kwa siku tatu iogopwe. Katika jaribio la rosasia asali ilipimwa kwa wiki 8. Kasi ya siku tatu ni kasi ya steroidi, na asiyejua anachopaka atarudi na uso mbaya kuliko wa kwanza.

Aliye na chunusi asipoteze wiki zake kwenye asali. Benzoili peroksaidi na asidi ya azelaiki zina ushahidi mzito zaidi, na hiyo ya pili, inayopatikana kiasili katika ngano na shayiri, hufaa chunusi na rosasia pia, na hupunguza madoa meusi yanayobaki kwenye ngozi zetu. Aliye na dalili za rosasia, akiisha kupata asali iliyoiva, isiyochemshwa, iliyokaa gizani, apake kwanza kidogo nyuma ya taya na kungoja siku mbili, hasa akiwa mtu wa mzio. Ikikubali, apake nyembamba mara mbili kwa siku, akae nayo nusu saa hadi saa nzima, aioshe kwa maji ya uvuguvugu, kamwe si kwenye kidonda kilicho wazi, kwa kuwa asali ya mzingani haijatakaswa kama ya hospitali. Aandike tarehe aliyoanza. Wiki ya nane ikipita bila mabadiliko, chupa irudi jikoni, na mwenye uso aende hospitali ya Murgwanza au ya Biharamulo akaombe rufaa ya daktari wa ngozi.