Mandhari Bila Maelezo: Uhakiki wa Picha za Mabadiliko kutoka Machakos hadi Lubumbashi

Picha mbili za mahali pamoja, moja ya kale na moja ya sasa, zimekuwa ushahidi unaoaminiwa upesi kuliko jedwali lolote katika taarifa za mazingira, mipango miji na viwanda. Msomaji hutazama kushoto, kisha kulia, na hukumu hupita kabla aya ya kwanza haijasomwa. Makala haya yanahakiki mazoea hayo kwa kutumia mifano miwili: picha za vilima vya Machakos nchini Kenya, na kazi za mpiga picha Sammy Baloji kuhusu mji wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayotetewa ni kwamba picha ya mandhari huonyesha matokeo na kuficha kazi na uamuzi uliyoyaleta. Upungufu huo hauzibwi kwa kuongeza picha. Unazibwa kwa maneno, hasa maneno ya kazi yanayotumiwa na watu wa mahali penyewe. Neno mandhari, lililotokana na Kiarabu, lina kutazama ndani yake: ni kile anachokiona aliyesimama kando. Mwenye jembe mkononi hasemi mandhari. Husema shamba, bonde, tuta.

Vilima vya Machakos

Mwaka 1937 R. O. Barnes, ofisa wa serikali ya kikoloni, alipiga picha za vilima vya Ukambani alipokuwa akiandaa taarifa kuhusu mmomonyoko wa udongo. Picha zinaonyesha ardhi iliyochanwa na makorongo, miti michache, na miteremko mitupu. Mwaka uliofuata serikali ilijaribu kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, na maelfu ya watu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Zaidi ya nusu karne baadaye, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizirudia picha hizo katika utafiti wao uliochapishwa 1994. Sehemu zile zile zilipigwa upya, nazo zikaonyesha matuta, miti na mashamba yaliyotunzwa, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930. Utafiti huo ulitikisa imani kwamba watu wengi lazima waharibu ardhi.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba picha za Barnes zimetumikia hoja mbili zinazopingana. Katika enzi yake zilikuwa sehemu ya shtaka dhidi ya mkulima. Mwaka 1994 zikawa kipimo cha mafanikio ya mkulima huyo huyo. Picha hazikubadilika, kilichobadilika ni maelezo yaliyowekwa chini yake na picha iliyowekwa kando yake. Kisha watafiti waliofuata waliuliza swali ambalo kamera isingeweza kulijibu: fedha za kuchimba matuta zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika mishahara ya Nairobi na miji mingine, na waliokosa ndugu mwenye mshahara hawakunufaika sawa na jirani zao. Tuta la tajiri na tuta la maskini, likitazamwa kutoka ng'ambo ya bonde, ni mstari ule ule wa kijani.

Hata hivyo kisa cha Machakos kina fadhila moja ambayo haijasemwa vya kutosha, nayo ni ya kiisimu. Tuta lililoenea huko linaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya uhifadhi wa udongo duniani kote bila kutafsiriwa. Mkulima huchimba mfereji kufuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu; tuta huinuka, na miaka ikipita ardhi iliyo nyuma yake husawazika. Matuta membamba yaliyochimbwa kwa shuruti katika miaka ya 1940 yalitupa udongo chini, jambo jepesi kwa mkono lakini lenye faida ndogo. Fanya juu ni kazi nzito zaidi, na tangu miaka ya 1950 wengi waliichagua wenyewe, mara nyingi kwa vikundi vya mwethya. Maneno hayo mawili yanabeba tendo, mwelekeo wa mkono na uzito wa udongo. Picha inaonyesha tuta. Jina linaonyesha mtu akilitengeneza. Anayeandika chini ya picha neno "matuta" pekee ametupa nusu ya ushahidi wake.

Lubumbashi: nyakati mbili, na ya tatu isiyoonekana

Ikiwa Machakos ni mandhari yaliyobadilishwa kwa jembe, Lubumbashi ni mji uliozaliwa na tanuru. Ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa Union Minière du Haut-Katanga, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi, ya mitaa na ya nyumbani. Kampuni ilitaifishwa katika miaka ya 1960 na mrithi wake akajulikana kama Gécamines. Baloji, aliyezaliwa mjini humo 1978, ndiye aliyeipa historia hiyo sura yake mashuhuri zaidi. Katika mfululizo uitwao Mémoire, alioukamilisha 2006 na uliompatia heshima katika maonyesho ya Bamako 2007, alichukua picha za rangi nyeusi na nyeupe kutoka nyaraka za kampuni: vibarua waliopangwa safu, wengine vifua wazi, pamoja na wasimamizi wa Kizungu. Aliwakata watu hao kutoka katika picha zao na kuwabandika juu ya picha zake za rangi zinazoonyesha karakana zilizobomoka, vyuma vyenye kutu na milima ya taka za kuyeyushia shaba. (Kiswahili kina jina lisilo na haya kwa taka za aina hiyo, mavi ya chuma, na si rahisi kupata lililo sahihi zaidi.)

Ubora wa Mémoire uko katika kukataa jozi ya kabla na baada. Hakuna kushoto na kulia. Vibarua wa enzi ya ukoloni wamesimama juu ya magofu ya leo, na mtazamaji hawezi kusema "zamani palikuwa pazuri" kwa kuwa zamani hiyo inamtazama kwa macho ya watu waliopangwa kama bidhaa. Wala hawezi kusema "leo ni afadhali". Kazi hii inapita kwa mbali picha za viwanda zinazopigwa kutoka juu, kama zile za Edward Burtynsky, ambamo hata jaa la Dandora huko Nairobi hupata urembo wa rangi unaomtuliza mtazamaji.

Lakini ndani ya mfululizo huo kuna pengo ambalo sifa nyingi zimelipita kimya. Mémoire ina nyakati mbili, ya vibarua wa kikoloni na ya magofu. Kati yake kuna kizazi kizima: waliozaliwa kambini, wakasomea shule za kampuni, wakatibiwa katika hospitali zake, wakafanya kazi katika Gécamines ilipokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka na uzalishaji ukaanguka. Kisha, mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa chini ya mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuitwa "kuondoka kwa hiari", hali wengi wao walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Baloji alipiga picha zake mara tu baada ya hapo. Ukimya wa karakana zake kwa hiyo si kazi ya kutu peke yake. Una tarehe, una sahihi za maofisa, na una neno "hiari" ndani yake.

Mtazamaji asiyejua hayo ataona magofu kama maumbile, kama mti uliozeeka. Hapo picha, kinyume cha nia ya msanii, inausamehe uamuzi wa sera. Inaweza kujibiwa kwamba utupu wenyewe ndio unaokiwakilisha kizazi hicho cha kati. Jibu hilo lina uzito kwa mkazi wa Lubumbashi anayejua baba yake aliondoka lini. Kwa mgeni aliyesimama katika jumba la sanaa huko Ulaya halina uzito wowote.

Lugha iliyo chini ya picha

Majina ya kazi hizi ni ya Kifaransa au Kiingereza. Hata kitabu cha mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki kuhusu Mémoire, kilichotoka 2010, kinaitwa The Beautiful Time. Ajabu ni kwamba kituo cha sanaa alichoshiriki Baloji kukianzisha kinaitwa Picha. Neno la Kiswahili limewekwa mlangoni, na ndani ukutani lugha imebadilika. Si kwamba Kiswahili cha mji huo hakikuacha maandishi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, andiko ambalo Johannes Fabian alilihariri na kulichapisha 1990. Mwanaanthropolojia huyo pia alichunguza namna wafanyakazi wa Katanga walivyolielewa neno kazi. Malighafi ya maelezo ya picha ilikuwapo kabla ya picha zenyewe.

Inapotumika, tofauti huonekana mara moja. Katika Essay on Urban Planning ya 2013, Baloji aliweka picha za Lubumbashi kutoka angani, zinazoonyesha ukanda mtupu uliotenganisha mitaa ya Wazungu na ya Waafrika, kando ya picha za wadudu waliohifadhiwa kwa pini. Zikitazamwa peke yake ni mabati, miti na nafasi iliyo wazi, yaani ramani isiyo na ubaya. Kinachozigeuza ni habari inayoambatana na picha ya nyaraka ya 1929: katika kampeni ya kuua nzi, mfanyakazi alipaswa kuleta nzi 50 ili apewe posho yake ya chakula. Baada ya kuisoma, mtazamaji huirudia ile nafasi iliyo wazi na kuiona kama amri. Idadi hiyo imetufikia kwa Kifaransa cha utawala. Jina ambalo wale waliosimama foleni na nzi wao waliipa kazi hiyo halimo katika onyesho.