Msafara Uleule, Jicho Jingine

Riwaya ya Paradise (1994), ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili pia kwa jina la Peponi, ilitokana na safari ya utafiti aliyoifanya Abdulrazak Gurnah Afrika Mashariki karibu na mwaka 1990. Lakini nyuma yake kuna safari nyingine, kongwe zaidi. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam, alichapisha Safari za Wasuaheli. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia msafara wake wa bara, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Wahakiki wameonyesha jinsi msafara wa tajiri Aziz katika riwaya, hasa mkasa uliowapata wasafiri wake kwa mtawala Chatu, ulivyochota katika simulizi hiyo.

Kuchota si kunakili. Selemani anazungumza kama mfanyabiashara, tena kwa ajili ya Mjerumani aliyetaka kujua; hasara ni yake, na huruma yetu inamwendea yeye. Gurnah amelibakiza tukio, akambadilisha mtazamaji. Anayetazama sasa ni Yusuf, mvulana aliyewekwa rehani kwa deni la babake. Chatu anapowashika wasafiri na kuwanyang'anya mali, anapata pia nafasi ya kusema kwamba wako waliomtangulia Aziz wakamdhulumu. Yusuf, ambaye mwenyewe ni sehemu ya mali ya tajiri, anaweza kuyasikia maneno hayo kwa namna ambayo mfanyabiashara asingeweza. Kwangu huu ndio ustadi mkubwa wa kitabu. Kwa nyaraka zilezile mtu angeweza kutuchorea pwani ya neema iliyoharibiwa na wageni tu. Gurnah hakuificha dhuluma iliyokuwamo ndani ya misafara yenyewe, wala hakuwapunguzia Wajerumani yao: Mzungu anatokea, anaamuru mali irudishwe, na wote wanatambua kwamba sasa amri ni yake.

Umbo la hadithi Gurnah alilipata kwenye Sura ya Yusuf katika Qur'ani. Mke wa tajiri, kijana mzuri wa sura, shati lililochanwa kwa nyuma: msomaji wa pwani anavitambua bila kuelezwa, naye anaanza kutarajia. Yusuf wa Qur'ani alitoka gerezani akakabidhiwa hazina za Misri. Huyu wa Gurnah anaishia kuwakimbilia askari wa Wajerumani, vita vya 1914 vikikaribia. Hapo historia imeishinda sura, na ndivyo ilivyopasa, kwa sababu kijana wa rehani wa wakati ule alikuwa na njia chache mno za kumtoka tajiri wake, na uaskari ulikuwa mojawapo.