Pongezi kwa Mafundi Wahamishao Kindi

Katika miji ya mashariki ya Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi hujengwa kwa mbao na chini ya paa huachwa dari pana yenye ujoto, yuko kindi wa kijivu ambaye, ukikaribia mwisho wa majira ya baridi, hutafuna ubao wa ukingo wa paa akaingia humo kuzaa. Na kwa kuwa meno yake hayakomi kukua maisha yake yote, hata nyaya za umeme hazisalimiki, na waya uliochubuliwa waweza kuiteketeza nyumba.

Nawasifu mafundi waitwao kumwondoa, si kwa mitego yao, maana kunasa mnyama hakuhitaji elimu kubwa, bali kwa subira yao. Fundi hodari haanzi kwa kuziba tundu, madhali ajua kwamba mama akifungiwa nje atalitoboa paa upya kuwatafuta wanawe, nao wasipofikiwa watakufa na kuoza humo darini. Kwanza hupanda, husikiliza, hupekua sufi za kukingia baridi. Akiona watoto hawajafumbua macho, ama humsihi mwenye nyumba angoje waachishwe ziwa, majuma kama 10 hivi, ama huwatia katika kisanduku chenye joto karibu na tundu, ili mama awahamishe mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mdomo. Ndipo huweka kilango kiruhusucho kutoka bila kurudi, na nyufa nyinginezo huzifunika kwa wavu wa chuma.

Wenye nyumba, aghalabu, hunung'unikia ujira wa mafundi hao. Lau wangekwea wenyewe paa lile lenye barafu, nadhani wangeuongeza.