Nyuzi Nane Zatosha

Wimbo "Kothbiro" umeishi mara mbili. Katika miaka ya 1970 ulipigwa Nairobi na Black Savage, bendi ya vijana wa roki wenye magitaa ya umeme. Mwaka 1993 mmoja wao, Job Seda, ambaye sasa alijulikana kama Ayub Ogada, aliuimba upya katika albamu yake *En Mana Kuoyo*, safari hii kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo.

Kati ya matoleo hayo mawili Ogada alishiriki kuanzisha African Heritage Band, kisha mwaka 1986 akaenda Uingereza, akawa anawapigia wapita njia kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi jijini London. Watu wa tamasha la WOMAD wakamsikia, na lebo ya Real World ikamrekodi.

Husemwa kwamba aliiacha bendi. Mimi naona aliikunja tu ikaenea mwilini mwake. Mtazame mpiga nyatiti: amekaa kwenye kigoda, bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe liko ubavuni, mikono yote miwili iko kwenye nyuzi nane. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete nzito ya chuma, na kwa pete hiyo anagonga ukingo wa ala, ko, ko, ko. Mguuni kuna njuga. Hapo ana besi, solo na ngoma, na bado hajafungua kinywa. (Wala hana mpiga dramu wa kumngoja saa nzima mazoezini.)

Wapo pia wanaosema alirudi kwenye asili. Sikubali. Wazee wa nyatiti hupiga kwa kishindo, maana matangani kuna kelele, usiku ni mrefu, na kila mara mtu hukatiza wimbo kwa pesa ili ajisifu. Ogada alichukua ala ile ile akaipunguzia kasi na ukali. Katika "Kothbiro" noti chache zinazunguka na kurudi, yeye asihangaike kuzipamba, na sauti yake nyembamba inaingia juu ya noti hizo bila kusukuma. Mtu aliyezoea kufunikwa na magitaa anahitaji ujasiri kuacha nafasi tupu namna hiyo.

Mwaka 2005 toleo hilo likaingia kwenye filamu *The Constant Gardener*, na watu wasiojua neno la Kijaluo wakaanza kumtafuta mwimbaji. Ogada alifariki mwaka 2019. Mwaka mmoja kabla, Kanye West alipoutaka wimbo huo kwa ajili ya wimbo wake "Yikes", alikata kipande cha Black Savage. Alichagua vyema. Muziki wa bendi ile unakatika. Unaweza kunyofoa mdundo ukaondoka nao. Toleo la 1993 ni gumu kulikata, kwa sababu vidole na sauti vinavuta pumzi moja.