Hongera kwa Mafundi wa Gereji za Singida

Barabara kuu ya kutoka Dodoma kupitia Manyoni na Singida hadi Nzega, njia ya mizigo ya Rwanda na Burundi, imejaa malori ambayo kwa dereva na utingo ni nyumba kabisa: kitanda nyuma ya viti, sufuria, dumu la maji. Mengi ni makuukuu. Kinachoyaweka barabarani ni mikono ya mafundi wa gereji, na pongezi wanazopewa ni haba mno. Tazama breki za upepo tu. Kabla lori halijauteremka mlima Sekenke, wilayani Iramba, fundi hujilaza chini yake, akamwaga maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo, akapapasa mipira kutafuta ufa, kisha akakaza breki gurudumu kwa gurudumu hadi zote zishike sawia. Godoro jipya, feni na taa za kabini hufuata baada ya hapo, na mpangilio huo ndio ufundi wenyewe.

Wapo wasemao gari kuukuu listaafishwe. Wana hoja, maana Sekenke imeua watu. Ila mteremkoni kinachoamua ni uzito wa mzigo, gia na matunzo. Hata lori jipya likishushwa kwa gia ya mwendo kasi huunguza breki. Wengine hulalamikia mafundi wasio na vyeti. Hilo lina tiba: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwatahini na kuwarasimisha waliojifunza kazini, na wenye malori, wanaonufaika zaidi, ndio wanaopaswa kuwalipia.