Wapekuzi wa Nukta na Mikato

Ukimtazama mhariri mkongwe akifungua mswada katika Word, utadhani hana nia ya kuusoma. Anabonyeza Ctrl na H, anatia tiki kwenye kisanduku cha alama wakilishi, kisha anaandika kitu kisichotamkika: mabano ya mraba yenye nukta, mkato na nuktapacha, yakifuatwa na mabano mengine yenye herufi a hadi z. Mara anaoneshwa kila mahali ambapo kituo kimegandana na neno linalofuata. Habadilishi yote kwa mkupuo. Anapita mojamoja, kama mama anayechambua mchele uteoni, maana k.m. na n.k. nazo zimenaswa humo, na hazina kosa.

Lugha hii ya alama wakilishi ina miiko yake. Alama ya kuuliza haiulizi. Inasimama badala ya herufi yoyote moja, na kinyota badala ya chochote kile. Anayeitaka alama ya kuuliza yenyewe sharti aitangulize mkwaju wa kinyume. Asiyejua hilo atatafuta maswali, aletewe kitabu kizima.

Ila ustadi hasa uko kwenye ritifaa ya ng’. Mswada uliopita kwenye simu, barua pepe na kompyuta za watu huwa na ng’ombe wa kila namna: huyu ritifaa yake imenyooka, yule imepinda, mwingine kabandikwa alama ya kufungulia usemi, mwingine hana kitu. Utafutaji wa kawaida huiona iliyonyooka na iliyopinda kuwa kitu kimoja; ule wa alama wakilishi huzitenga. Hao watatu wa kwanza watashikika. Huyo wa nne ni kazi, kwa sababu ngoma haina ritifaa wala haiihitaji, na kati ya ngoa na ng’oa hakuna mashine ya kukuamulia. Hapo mhariri anaondoa mkono kwenye kibodi na kuisoma sentensi, tena kwa sauti.

Nuktamkato aliyoipiga chapa Aldus Manutius huko Venice katika miaka ya 1490 ilikuwa kipande cha madini. Mpangaji wa herufi alikishika kwa vidole. Siku hizi vituo havina uzito, ndiyo maana vinamwagwa ovyo. Nasoma riwaya mpya na kukuta mkato uliotanguliwa na nafasi, mabano yaliyofunguliwa yasifungwe, usemi usiojulikana unaishia wapi. Mwandishi alitegemea mstari mwekundu wa kikagua tahajia, na mstari huo, ukiwa umewekewa Kiingereza, ulijitokeza chini ya karibu kila neno lake mpaka akauzima. Mhariri naye analipwa kwa kurasa, na anayelipwa kwa kurasa hana sababu ya kurudi nyuma kusaka nafasi mbilimbili.

Wanaoijua kazi hii wanastaafu, na sioni vijana wanaoketi kando yao. Mchapishaji unayesoma haya, kabla hujapeleka faili kiwandani, mwongezee mhariri wako siku mbili, mpe na kijana wa kumfundisha, na umlipe.